Mwalimu Tulieni na Mwanafunzi wa Manjano

Ijumaa, 28 Novemba

Kwa Mwalimu Tulieni, chumba cha walimu, meza ya dirishani

Leo Mwalimu Tulieni anastaafu baada ya kufundisha Jiografia katika shule hii kwa miaka thelathini na minne. Alikuja akiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Anaondoka akiwa mnene kidogo, na wembamba umehamia kwenye nywele. Mwalimu Mkuu ameniomba mimi, karani wa ofisi, niandike ukurasa huu, kwa sababu walimu wakiachiwa kuuandika watasahihishana mpaka jioni na hakuna kitakachochapwa.

Jina lake halisi limo kwenye faili, na huko linapumzika. Sisi sote tunamwita Tulieni, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kila aingiapo mahali. Siku moja aliingia benki akakuta foleni inanong'ona. Akasema, "Tulieni." Watu wazima wakanyooka, mmoja akavua kofia, na mlinzi akaficha karanga zake nyuma ya mgongo.

Waliopita mikononi mwake watakumbuka somo la usiku na mchana. Jua lilikuwa kigoda, dunia ilikuwa yeye mwenyewe. Alikizunguka kigoda huku akijizungusha, koti linapepea, mpaka kizunguzungu kikamshika. Hapo alikuwa akisema, "Dunia imechoka," akakaa juu ya jua. Watakumbuka pia ubao wa zamani wa kidato cha pili, uliokuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Aliutumia ufa ule kama reli. Ulipoletwa ubao mpya alinuna wiki nzima, akidai treni zake zimekosa pa kupita.

Meza yake ilipakana na ya marehemu mume wangu, aliyefundisha Hisabati. Katikati yao kulikuwa na dirisha. Mume wangu alitaka liwe wazi, Mwalimu Tulieni alitaka lifungwe. Mmoja alidai anakosa hewa, mwenzake alidai karatasi zinapeperuka. Walibishana miaka na miaka, na dirisha likaishia kukaa nusu wazi, wote wawili wakilalamika. Nilipopeleka chai nilikuwa nawasikia kabla sijafika mlangoni.

Kisha korona ikaja, shule zikafungwa. Mwalimu Mkuu akaagiza kila mwalimu arekodi somo kwa simu na kulituma kwenye kundi la darasa. Ikawa kazi. Mwalimu wa Biolojia alirekodia bafuni, kwa sababu huko ndiko pekee wanawe hawakumfuata, na mpaka leo wapo wanafunzi wanaoamini kwamba moyo wa binadamu hutoa mlio wa bomba linalovuja. Mwalimu wa michezo alifundisha kuruka kamba sebuleni, mpaka jirani wa chini akapanda kumuuliza kwa upole kama anahama.

Rekodi ya kwanza ya Mwalimu Tulieni ninayo bado. Unasikia anasafisha koo. Unasikia, "Tulieni." Halafu kimya kirefu, jogoo anawika, na sauti yake ikimwita mkewe kwa mbali: "Mama Watoto, mbona hawajibu?"

Hakuweza kufundisha bila nyuso. Mkewe ni fundi cherehani, na wakati ule nyumba ilikuwa imejaa mito ya makochi ambayo wateja walikuwa wameagiza kwa ajili ya sherehe, sherehe zikakatazwa. Basi Mwalimu akapanga viti vyote vya nyumba, kila kiti akakiwekea mto, akaanza kufundisha. Mto wa maua uliokuwa mbele ulikuwa kiranja. Mmoja mkubwa wa buluu ulijua majibu yote na haukuachiwa nafasi ya kujibu. Na nyuma kabisa kulikuwa na mmoja wa manjano, mlegevu, ambao haukuweza kukaa wima hata ukiegemezwa. Huyo ndiye aliyekuja kuitwa Manjano.

Rekodi zikachangamka. Katikati ya somo la mvua na upepo unasikia, "Wewe wa manjano, kaa vizuri," au, "Manjano, unacheka nini? Toka nje." Watoto majumbani wakanyooka kwenye viti vyao, maana hakuna aliyejua nani atafuata.

Wiki ya pili mama mmoja, mzazi wa kidato cha pili, akapiga simu ofisini. "Karani," akaniambia, "hivi kwa Mwalimu Tulieni kuna watoto? Maana wa kwangu nimemfungia hapa kama kuku, na huko nasikia wenzake wanafukuzwa nje mmoja mmoja."

Habari ikamfikia afisa afya kabla sijaweka simu chini. Tukaenda watatu, yeye, Mwalimu Mkuu na mimi wa kuonyesha njia. Barazani tulimkuta Manjano ameegemezwa ukutani, anatumikia adhabu, na manyunyu yameanza. Ndani darasa lilikuwa limetulia kuliko darasa lolote tulilowahi kuliona. Afisa afya alizunguka safu zote mikono nyuma, akapima kwa macho nafasi kati ya kiti na kiti.

"Umbali wamezingatia," akasema mwishowe. "Ila hawajavaa barakoa."

"Wanafunzi wangu wana nidhamu," akajibu Mwalimu. "Wakiletewa watavaa."

Mwalimu Mkuu alitoka nje kwa haraka, akasema ana kikohozi, jambo lililomshtua sana afisa afya. Ilibidi nimweleze kwamba ni kicheko.

Mke wa Mwalimu hakulichukua kama mzaha. Alichukua vitambaa vya kazi zilizoachwa na wateja, akashona barakoa, kwanza za mito, halafu za shule nzima. Ndiyo maana siku tuliyofungua shule tulionekana kama mapazia yaliyotoroka nyumbani.

Lakini kabla ya siku hiyo mume wangu aliugua, akafariki. Makaburini waliruhusiwa watu wachache. Mwalimu Tulieni hakuwamo katika hesabu, akasimama ng'ambo ya uzio akiwa amevaa koti lake la mahafali, mpaka tulipomaliza. Siku hiyo hakusema neno lake.

Baada ya hapo rekodi zikakoma. Kundi la darasa likakaa kimya, wazazi wakaacha kuuliza. Mkewe alinipigia. "Dada, pole tena," alisema. "Sitaki kukuongezea mzigo, ila huyu mzee amefungia mito yote kabatini. Anasema hafundishi tena. Nikimuuliza sababu anatazama dirisha."

Shule ilipofunguliwa alikuja, kwa kuwa si mtu wa kukosa kazini. Aliingia kidato cha pili, akaandika tarehe ubaoni, akageuka. Mbele yake palikuwa na macho tu, juu ya vitambaa vya maua. Hakujua nani anamcheka, nani anamhurumia. Aliweka chaki chini akatoka. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mwalimu Mkuu akamwita, naye Mwalimu Tulieni akamwambia waziwazi, "Mama, nipe barua yangu ya kustaafu mapema. Jirani yangu wa meza hayupo, na mimi nimeishiwa."

Mwalimu Mkuu alimwomba asubiri hadi Ijumaa. Nasi, mkewe na mimi, tukaitumia nafasi hiyo.

Alhamisi asubuhi nilikuja kazini na mfuko wa sokoni alionipa mkewe. Kabla kengele haijalia nilimkalisha Manjano kwenye benchi la nyuma kabisa la kidato cha pili, amevaa barakoa yake. Alianguka mara tatu. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia, nao hawakuuliza kitu. Mmoja wao aliweka begi ubavuni kwake ili asianguke tena.

Nikabaki nje ya mlango wa darasa na mafaili mkononi, najifanya natafuta jambo.

Mwalimu aliingia. Akaandika tarehe. Akageuka. Nilisikia chaki ikisagika vidoleni mwake. Kisha polepole Manjano akaanza kuegemea, akaegemea, akamwangukia jirani yake begani.

"Wewe wa manjano," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa na kutu. "Miezi yote hii, na bado unasinzia?"

Darasa zima lilicheka. Hakuweza kuona midomo yao, lakini aliona mabega. Mabega arobaini na kitu yalikuwa yanatikisika mbele yake kama maharagwe kwenye sufuria, naye aliyatazama kwa muda mrefu akiwa ameshika ukingo wa meza.

Halafu akasema, "Tulieni."

Nikaenda zangu ofisini. Nyuma yangu nikasikia kigoda kinaburutwa, na dunia ikaanza kuzunguka.

Barua ya kustaafu mapema haikuandikwa. Manjano alibaki na kidato cha pili mwaka ule wote, na wanafunzi walilalamika rasmi kwamba anapendelewa, kwa kuwa hajawahi kuleta kazi ya nyumbani na haulizwi. Mwalimu aliwajibu kwamba angalau yeye hanakili ya mwenzake. Tangu hapo amefundisha vizazi vingine vya kutosha, amewatuliza wakaguzi, na amekalia jua mara zisizo na idadi.

Kuna jambo moja dogo ambalo huenda wenzangu hawakuliona. Meza ya mume wangu ilipewa mwalimu mpya, kijana mpole asiye na maoni yoyote kuhusu hewa. Mwalimu Tulieni angeweza kulifunga dirisha lile siku ya kwanza. Badala yake, kila asubuhi amelisogeza likawa nusu wazi, akakaa, akazishikilia karatasi zake kwa kiwiko, na akalalamika kuhusu upepo kwa sauti ya kutosha watu wawili.

Mwalimu, asante kwa kazi yako, na asante kwa kulalamika. Mama Watoto naye tunamshukuru kwa barakoa na kwa kukuazima kwetu muda wote huu. Nenda kapumzike salama, ule kwa wakati, na ukizunguka, kigoda kiwe karibu. Tumekubaliana kwamba Manjano aende nawe nyumbani, maana hapa amefeli vya kutosha. Dirisha tutaliacha kama ulivyoliacha.

Na siku Manjano akiteleza kochini bila kusukumwa na mtu, utukumbuke.