Somo la Kuteleza la Bi Odette

Ndugu Mkurugenzi wetu, Bwana Gordon Halvorson, Mheshimiwa Diwani, uliyeambiwa unakuja kufungua uwanja wa barafu na kwa uungwana wako ukabaki, Mama Sigrun, mama mkwe wa Mkurugenzi, uliyetoka Gimli katika theluji hii, ndugu wachezaji, wafanyakazi wenzangu, na wewe Bi Odette Desrosiers, ambaye kuanzia kesho huna tena pa kuchelewa: hamjambo?

Nimeombwa mimi, Orest, niseme machache kwa sababu ndimi msoma malalamiko wa kampuni, na inaaminika kwamba mtu anayetukanwa kila siku haogopi kipaza sauti.

Bi Odette ndiye aliyetunga mafunzo ya mwanzo ya mchezo wetu wa mtandaoni, Ngumi za Theluji. Kila mgeni anayekuja kupigana hupita kwanza mikononi mwake. Humfundisha kutembea, kuruka, kupiga na kukinga, kisha mchezo humpulizia tarumbeta na kumwambia, "Hongera, sasa wewe ni bingwa!" Halafu bingwa huyo hufungua mlango, akakutana na watu wanaoteleza.

Kwa faida ya Mheshimiwa Diwani: kuteleza ni kukwepa na kupiga kwa wakati mmoja, hata mpiganaji wako akaserereka kama sabuni bafuni huku ngumi zikiendelea. Sisi hatukukubuni. Kulitokana na kosa la mafundi wetu, wachezaji wakaligundua, na tulipotaka kulirekebisha walitutukana mpaka tukaliita ufundi. Leo asiyejua kuteleza hashindi hata pambano moja, na mafunzo yetu hayalitaji jambo hilo hata kwa kunong'ona. Je, ni haki kumfundisha mtu kuogelea kwenye beseni, kisha kumtupa ziwani, tena kwa kumshangilia?

Bi Odette alisema si haki. Akatunga somo la kuteleza, likaenda kukaa mezani kwa Mkurugenzi, na mpaka sasa limekaa. Toleo jipya la mchezo linatoka kesho. Yeye anastaafu leo. Mafundi wameniambia wazi kwamba lisipoingia kesho litafutwa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelitunza.

Wapinzani wake nao wana hoja, na mkubwa wao yule pale, karibu na matango ya siki: Ferdie Macaraeg, bingwa wa Winnipeg nzima. Tulipowaita wachezaji kikaoni, Ferdie alisimama akasema, "Bi Odette, mimi nilijifunza kwa kupigwa. Jamaa alinitandika mpaka nikataka kulia, kisha akaniambia, 'Njoo nyumbani nikuonyeshe.' Leo ndiye shemeji yangu. Mkifundisha kila kitu, watu watakutana vipi?"

Hoja yenye harusi ndani yake si rahisi kuijibu. Lakini Bi Odette akajibu: "Hongera kwa ndoa, Ferdie. Ila wale walioambiwa, 'Mshamba wewe, futa mchezo ukalale,' wao wameoa nani?"

Mkurugenzi akaegemea upande wa Ferdie. Alisema mwenye akili atajigundulia mwenyewe, na ili kututhibitishia hilo akafungua akaunti kwa jina la bandia, akapita mafunzo yote, akapuliziwa tarumbeta, akaingia uwanjani. Unisamehe, Mkurugenzi. Uliponiambia niseme kwa uhuru ulikuwa hujaiona hotuba.

Nilikuwa mezani kwangu alipofika, kahawa mkononi, bado inafuka.

"Orest! Kuna mwizi humu! Anateleza huyo, miguu haisogei! Mfungie akaunti!"

"Bosi, huko ndiko kuteleza kwenyewe."

"Kuteleza gani kwa kurudi nyuma?"

Hapo hata mimi nikasimama. Hakuna mtu aliyewahi kuteleza kurudi nyuma. Tukakimbilia kompyuta yake. Pambano lilikuwa limekwisha, lakini maiki zilikuwa wazi, na sauti ikatoka humo, tulivu kama ya mtu anayefuma soksi:

"Gordon, mkwe wangu, ni wewe? Nimekujua kwa kuguna. Umekula lakini?"

Kumbe Bi Odette alikuwa amelipeleka somo lake kwa wazee wa Gimli ili walijaribu, maana wazee hawana ile adabu ya kukusifia kazi mbovu. Mama Sigrun alijua kuteleza kabla chai yake haijapoa. Kisha, kwa kuwa vidole vyake vina baridi yabisi na kitufe cha mbele hakifikii upesi, akabonyeza cha nyuma, likatokea jambo ambalo mabingwa wote hawakuwahi kuliona. Ferdie alipoonyeshwa, aliniuliza, "Huyu mama ana simu?"

Sasa ndugu zangu, nani alisema anayefundishwa hagundui? Au ni sisi tuliokuwa tukiwachosha watu mlangoni, wakageuka kabla ya kufika pale ugunduzi unapoanzia?

Kampuni ilinituma nimnunulie Bi Odette saa ya ukutani. Sikununua. Mstaafu umpe saa, awahi wapi? Badala yake, Mkurugenzi, nakuomba mbele ya watu hawa, na hasa mbele ya mama mkwe wako, useme neno moja tu. Somo linaingia kesho, au haliingii?

Tunasubiri. Mama Sigrun ameweka sahani chini.

Amesema ndiyo! Mlioko nyuma, amesema ndiyo! Fundi mkuu, acha huo mkate, nenda ukaliingize sasa hivi kabla hajameza mate.

Bi Odette, futa machozi, makofi haya ni yako. Naam? Mkurugenzi anaongeza jambo. Anasema, kama ni kufundisha, basi na ule utelezi wa kurudi nyuma nao ufundishwe. Mama Sigrun amesimama. Mpeni maiki, tafadhali.

"Huo hapana! Huo ni wangu. Anayeutaka aje Gimli apigwe kwanza!"

Ferdie, acha kushangilia. Na wewe Bi Odette, naona umeshatoa kalamu na unamsogelea mama wa watu. Rudi kwenye kiti, umestaafu!

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Na kwa heshima zote, naomba mtu amshike Bi Odette.