Kiti cha Metrine

Mambo yaliharibika Jumatatu ile wakubwa wa kampuni walipoamua kwa kauli moja kuwanunulia walinzi viti. Siku hiyohiyo kreti la soda walilokuwa wakilikalia langoni likatupwa, na viti havijaonekana hadi leo.

Mzee Barasa aliyasikia hayo ndani ya basi la kwenda mtaa wa International City, huko ughaibuni, kutoka kwa Metrine, mlinzi aliyepakata kiti kipya cha plastiki huku macho yakimng'aa. Sufyan wa Mombasa, aliyekaa kando ya Metrine, alicheka. "Na hicho, dadangu, kimelipa nauli?"

"Kaka, mkutano wa tatu huu wanakubaliana tu. Nikasema khalas, yatosha, nanunua mwenyewe. Leo nakaa."

"Watakufukuza. Na viza ya kazi je?"

"Basi wanifukuze nimekaa."

Mzee Barasa akatabasamu, jambo alilolisahau tangu amzike mkewe, aliyemaliza miguu yake akisimama ulinzi kwenye lango kama hilo. Wakubwa hawachoki kuamua, aliwaza. Kwani si huamua wakiwa wameketi?

Basi likasimama kituo cha treni za metro. Metrine akashuka, akajitwika kiti kama ndoo ya maji. Mlango ukianza kujifunga, Sufyan akamwita: "Dada, bosi akiuliza nani ameamua, utamjibuje?"

"Nitamwambia tumeamua kwa kauli moja," Metrine akajibu, "mimi na kiti."