Mama Punguza na Daraja Lililonenepa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusanifu madaraja, Mhandisi wetu Mkuu, ambaye ofisi nzima humwita Mama Punguza, anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Mimi ni jirani yake wa meza, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na nasema mapema kwamba nimechanganyikiwa. Mtu aliyetuvuruga akili miaka yote hii unamwelezaje kwa ukurasa mmoja?

Alianza kama mchoraji, katika chumba cha ghorofa ya pili ambacho feni yake ilipeperusha karatasi zaidi ya ilivyoleta ubaridi. Jina la utani alilipata kwa haki. Kila mchoro uliopita mezani kwake ulirudi na neno moja la kalamu nyekundu: punguza. Punguza zege, punguza nondo, punguza maneno. Wengine tulidhani ni ubahili tu. Mumewe, fundi cherehani, alituhakikishia kwamba nyumbani hata chumvi huwekwa kwa majadiliano.

Sababu yake ilikuwa nyingine. Kutengeneza saruji hutoa hewa ukaa nyingi, ile inayozidi kuipasha dunia joto, na daraja hula saruji kwelikweli. Basi akawaita kwenye meza moja watu wasiopikika chungu kimoja: wasanifu, kiwanda cha saruji, wauza chuma na mkandarasi. Idara ya barabara ilikubali ushirika huo kwa sharti. Daraja la kwanza lisipokuwa jepesi kuliko yale ya zamani, ushirika unavunjwa na kila mtu anarudi kwake.

Tukajituma. Siku ya kujumlisha hesabu, daraja lilikuwa limenenepa kuliko yale ya zamani! Tukajumlisha tena, likanenepa zaidi. Mtu wa chuma alimtazama mtu wa saruji, mtu wa saruji akaitazama dari, mkandarasi akaanza kufunga mkoba wake. Mimi nilikuwa nikigeuza mchoro juu chini, nikidhani labda tumeushika vibaya.

Mama Punguza akasema hata yeye haelewi, kisha akauliza nani ameongeza kidogo. Akainua mkono wake mwenyewe. Ndiyo, yeye! Alikuwa ameongeza unene wa nguzo kwa usalama tu, maana hakuiamini saruji mpya. Mtu wa saruji naye akasema amezidisha kipimo kwa kuwa hakumwamini mkandarasi. Mkandarasi aliongeza kwa kuwa hakumwamini yeyote. Mtu wa chuma aliongeza nondo kwa kuwa, alivyosema, ndivyo alivyozoea. Ilikuwa kama kwa cherehani: kila fundi ameacha kitambaa cha akiba, gauni limekuwa gunia. Tulicheka hadi machozi, ingawa nusu ya kicheko ilikuwa aibu.

Tangu hapo meza ile ikawa na sheria yake: akiba ya usalama inawekwa mara moja tu, wote wakiiona, na majibu ya maabara ya kila mmoja yanafunguliwa mbele ya wale wasiomwamini. Michoro ikarudiwa. Daraja lilijengwa, likapitishiwa malori yaliyojaa kokoto, likatulia, na saruji yake ikapungua kwa karibu theluthi. Ushirika ukapona.

Ila tulikuwa na hofu. Akiondoka yeye, si kila mtu atarudi kuficha akiba yake? Mwenyewe hakutaka hata kuligusia jambo hilo. Wiki iliyopita tulikaa kujadili daraja jipya. Tulibishana asubuhi nzima. Mkandarasi alitoa majibu yake mabaya ya maabara bila kuombwa, mtu wa chuma akakubali kupunguza, tukafikia mwisho. Nikasimama kumshukuru Mama Punguza kwa niaba ya wote, nikageukia kiti chake. Kilikuwa kitupu. Hakuja kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua.

Tukachanganyikiwa upya: tuombe radhi au tushangilie? Nilimpigia simu huku nikibabaika. Kumbe alikuwa nyumbani tangu asubuhi, simu mkononi, akingoja tumwite tukikwama. Aliuliza tu kama tumeafikiana. Nikamwambia ndiyo. Nikasikia akipenga kamasi, kisha akasema haya, vizuri, akakata.

Asante kwa kalamu nyekundu, na kwa kuinua mkono kwanza. Tunakutakia maisha mema, Mama Punguza, wewe na fundi wako, na utuwie radhi: kikao kilikwenda vizuri bila wewe.