Muonja Chumvi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, muuguzi kijana alimtambua mpishi wa chuo alikosoma. "Shikamoo, mama! Nilipoanguka ngazini kwa njaa, ukaanza kuniita jikoni kila mchana nionje chumvi. Uliniokoa." Mama akakunja uso. "Marahaba. Nani kakuokoa? Nilihitaji muonjaji." "Kwa sahani nzima, mama?" "Chumvi ya juu siyo ya chini, mwanangu."

Mimi nimepika miaka thelathini, na ncha ya kijiko hunitosha. 

"Basi ahsante, hata kama hutaki," muuguzi alisema, akifuta macho huku anacheka. Basi likasimama kituo cha chuo. "Siku hizi anaonja nani?"

"Wako tisa," mama alijibu akishuka, "na chumvi bado inanisumbua."