Kikombe cha Bluu cha Scola

Marehemu Scola Edward Romani alizaliwa hapa Bonga mwaka 2014. Hapana, ni 2015, tarehe 3 Novemba. Mama yake, Christina, alikuwa amekwenda kupiga kura wiki iliyotangulia na tumbo limemfika kidevuni, watu wakampisha mbele ya foleni. Scola alikuwa mtoto wa kwanza wa Edward, na mjukuu wa kwanza wa mzee Romani, ambaye ndiye aliyeandika haya.

Alianza darasa la kwanza Januari 2022, akaishia la tatu. Katika wasifu huwa inafuata kazi. Kazi ya Scola ilikuwa kibuyu cha babu yake: kukiosha, kukifukiza moshi, kutia maziwa yagande, na kila asubuhi kuleta kikombe chake cha bluu amiminiwe, kabla hata ya shikamoo. Ndoa hakuifikia.

Mei 2024 alianza kutapika asubuhi. Nyumbani wakasema ni minyoo, akanyweshwa dawa ya minyoo mara mbili. Alipoanza kutembea akilalia upande ndipo walipompeleka hospitali, na mwishowe Dar es Salaam. Wakaonyeshwa picha: uvimbe, nyuma ya ubongo. Alipasuliwa Julai, kisha akapigwa mionzi.

Huko, babu akiwa kando ya kitanda, alikuja daktari wa utafiti, Amira, akaomba choo cha Scola kwenye kikopo. Alieleza kwamba tumboni mwa mtu huishi vijidudu visivyohesabika, vingine vya faida, na wanataka kujua kama vya watoto wenye uvimbe kichwani vina tofauti na vya wenzao. Kikopo kikawekwa kwenye barafu, kiende maabara ya mbali.

"Babu," Scola akasema, "choo changu kinapanda ndege. Mimi nilikuja kwa basi."

"Ungeingia na wewe kwenye barafu," babu akamjibu. Alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Babu naye akauliza. "Na maziwa ya kibuyu, daktari? Amekunywa tangu aache ziwa. Yalimsaidia au yalimdhuru?"

"Kwa sasa asinywe, mzee wangu, dawa zimemdhoofisha. Hilo lingine ndilo tunalolitafuta."

Majibu hayajafika Bonga.

Uvimbe ulirudi. Februari mwaka huu aliletwa nyumbani, ale anachotaka. Akaomba maziwa. Babu, kwa hofu, aliyachemsha kwanza, akayagandishia kwenye sufuria. Scola akaonja, akamtazama.

"Babu, haya umenunua dukani."

Jumanne tarehe 10 Machi 2026, asubuhi, alifariki mikononi mwa mama yake, akiwa na miaka kumi na miezi minne.

Ameacha baba, mama, babu, na mdogo wake Joyce wa miaka minne. Pumzika, mama, kichwa hakitakuuma tena.

Jana asubuhi Joyce alimletea babu kile kikombe cha bluu. Mzee Romani amewauliza waliosoma: ammiminie maziwa ya kibuyu, au amnyime?