Daphrose Ndayikeza, Fundi wa Viti vya Henzerani (1979–2025)

Marehemu Daphrose Ndayikeza alizaliwa Musaga tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa marehemu mzee Zénon na mama Marguerite. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Musaga. Alikuwa ameanza sekondari vita vya 1993 vilipomkatisha, wala hakurudi tena darasani.

Shangazi yake wa Cibitoke alimfundisha kusuka henzerani, zile fito nyembamba za mmea utambaao. Mikahawa ya kandokando ya ziwa ilimletea viti vilivyochakazwa na jua na mvua. Hakupaka kitu juu ya uchafu. Alikisugua kiti kwa brashi laini na maji ya sabuni, akakianika kivulini mpaka kikauke hadi ndani, akabadilisha fito zilizokatika, ndipo akapaka vanishi, tabaka baada ya tabaka.

Siku moja dereva aliyeleta viti alichoka kusubiri, akakalia kimoja kibichi, akanasa.

“We kaka, tulia,” Daphrose alimwambia. “Nikikuvuta, kiti itabaki na suruali.”

“Basi ibaki nayo. Mi nitakuja kuiangalia kesho.”

Alikuja kesho yake, na siku nyingi zilizofuata. Dereva huyo ni Salvator. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 2003, wakajaliwa Joëlla na Valéry.

Miaka sita iliyopita, mwenye karakana alimokuwa akifanya kazi aliziba madirisha kwa matofali, ili vumbi lisishike kwenye vanishi mbichi. Daphrose alimwendea mbele ya wenzake.

“Patron, iyi harufu itatumaliza. Utuache tupake inje.”

“Mama Joëlla, wateja wanataka viti inang’aa. Asiyeweza, mlango uko wazi.”

Mlango huo ndio pekee uliobaki wazi. Alikuwa na watoto wa kusomesha, akabaki. Kikohozi kilimwanza mwaka 2022. Daktari alisema mapafu yameungua kwa mvuke wa vanishi. Mwishoni hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea bega la mumewe. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025.

Mtatuambia ni mapenzi ya Mungu. Sisi wa familia hatukubali Mungu asingiziwe ukuta uliojengwa na mtu. Mwenye karakana ametuma shada la maua, nasi tumelipokea. Tunamwomba atume na fundi wa kubomoa matofali yale, kwa maana Joëlla anasuka humo humo, na neno la mwisho tulilolisikia kwa mama yake lilikuwa: “Joëlla asirudi mule ndani.”

Marehemu ameacha mama yake Marguerite, mumewe Salvator, watoto wake Joëlla na Valéry, mdogo wake Astère anayewasomea haya, na mafundi wenzake waliombeba leo, ambao kesho wanangojwa kazini.

Mungu ampe pumziko ambalo kifua chake kilinyimwa hapa duniani.