Shahada ya Mama Masijala na Siku Moja Iliyopungua

Baada ya miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku tisa ya utumishi, Mama Masijala anastaafu leo, tarehe thelathini Novemba, akiwa ametimiza miaka sitini. Ametaka hesabu hiyo iandikwe mpaka siku, nasi tumetii, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufaidika kwa kubishana naye kuhusu tarehe. Anaondoka akiwa na cheo cha Afisa Kumbukumbu na shahada aliyoipata kwa kusoma mtandaoni. Pensheni yake, hata hivyo, itakokotolewa kwa mshahara wa karani. Ofisi hii ya maji haijapona mshtuko wa jambo hilo, na mkuu wa utawala, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, ni mmoja wa wagonjwa.

Mama Masijala aliajiriwa kama mpiga chapa. Siku moja aliombwa ashike masijala kwa wiki mbili, mwenye kazi akiwa likizo. Mwenye kazi hakurudi, na wiki mbili hizo zinakwisha leo. Chumba alichokabidhiwa ni cha mwisho wa ukumbi, kando ya ghala la mita mbovu, chenye makabati kumi na moja ya chuma, na moja kati ya hayo halifungi mpaka lipigwe teke ubavuni. Wakati huo majalada ya ofisi yalitembea kama mbuzi wasio na mchungaji. Jalada lililotafutwa Jumatatu lilionekana Alhamisi chini ya kikapu cha mtu, likiwa na duara la kikombe cha chai.

Yeye ndiye aliyeleta daftari la kupokelea barua na, pamoja nalo, mstari mwekundu. Kila siku ifikapo saa tisa kamili alasiri, huweka rula chini ya barua ya mwisho na kupiga mstari kwa kalamu nyekundu. Kitakachoingia baada ya hapo hupigwa muhuri wa kesho yake. Meneja mkuu mmoja alileta mwenyewe barua yake ya likizo saa tisa na dakika tano, akitabasamu kama mtu aliyezoea kufunguliwa milango. Aliambiwa kwa adabu zote, “Kesho nayo ni siku nzuri, bwana mkubwa,” akarudi nayo mkononi.

Waliomwona mgumu walisahau kwamba ugumu huo ulitulinda. Mwaka ule bomba kuu lilipopasuka karibu na soko, mafundi walikuwa wamekwisha kuchora chokaa barabara nzima ili waifukue, kwa sababu hakuna aliyejua bomba lilipita wapi. Mama Masijala alilipiga teke lile kabati, akatoa ramani iliyochorwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na shimo likachimbwa moja tu. Ilimchukua dakika nne. Msimamizi wa mafundi bomba husema tano, lakini yeye hakuwa na saa.

Miaka sita iliyopita, wakati wa chai ya saa nne, alitangaza kwamba amejiandikisha kusoma shahada ya usimamizi wa kumbukumbu katika chuo cha mtandaoni. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Mhasibu wa mishahara alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni. Alipopata sauti alisema, “Mama, watu wa umri wako wanatafuta shamba, wewe unatafuta mtihani?” Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo tulipojua kwamba amekwisha kulipa.

Mhasibu alichukua kikokotoo. Kwa kuwa Mama Masijala hapendi kutaja fedha hadharani, hesabu yote ilifanywa kwa kipimo chake mwenyewe, yaani mwezi mmoja wa mshahara wa karani. Karo ilikuwa miezi minne kwa mwaka, na masomo ni ya miaka minne, jumla kumi na sita. Kompyuta ndogo, vifurushi vya intaneti na nauli za kwenda kufanyia mitihani viliongeza miezi miwili. Jumla ikawa kumi na minane. Afisa hulipwa mshahara wa karani na nusu yake. Angemaliza akiwa na miaka hamsini na minane, apate nyongeza hiyo ya nusu kwa miaka miwili, yaani miezi kumi na miwili. Toa hiyo kwenye kumi na minane: hasara ya miezi sita. Mhasibu aliweka kikokotoo mezani kama hakimu anayeweka nyundo. Mkuu wa utawala aliulizwa maoni yake, naye alimuunga mkono mhasibu. Kosa hilo limeandikwa hapa kwa hiari.

Mama Masijala alikwenda chumbani kwake, akarudi na jalada la mikataba ya utumishi. Mhasibu huona mishahara tu. Habari za watu waliokwisha kuondoka hazifiki mezani kwake, hukaa masijala. Kiinua mgongo ni mshahara wa mwisho mara ishirini, na pensheni ya kila mwezi ni nusu ya mshahara huo wa mwisho. Kwa hiyo afisa angepata kiinua mgongo kilichozidi cha karani kwa miezi kumi, na hasara ya mhasibu ingegeuka kuwa faida ya miezi minne siku ileile ya kustaafu. Kisha kila mwezi, maisha yake yote, pensheni ingezidi kwa robo mwezi. “Na bibi yangu alikufa na miaka tisini na mmoja,” alisema, “tena kwa kuanguka. Hakuwa mgonjwa.” Mhasibu alikaa juu ya katoni ya karatasi, ikabonyea.

Robo mwezi hiyo haikuwa ya anasa. Mama Masijala ni mjane na anapanga vyumba viwili, kimoja cha kulala, kingine cha cherehani na wajukuu wakija. Pensheni ya afisa ingevilipia vyote. Ya karani isingetosha. Mwanawe alikuwa amemwambia ahamie kwake, na mkamwana wake, kwa mapenzi mema kabisa, alikwisha kuja na futi kupima upana wa kitanda. Mama Masijala alimpimia, akamwandikia vipimo, akamsindikiza mpaka kituoni, kisha akaenda kujiandikisha chuo. Hataki kuombea ruhusa chumvi, alisema.

Alisoma kila alfajiri kabla ya kuja kazini, na saa ya mapumziko akiwa amefunga dirisha la masijala. Miaka mitatu alifaulu vizuri. Mwaka wa nne somo la takwimu lilimwangusha. Alishtuka kuliko sote, kwani hakuwahi kushindwa na kitu chenye namba. Somo hilo hutolewa mara moja kwa mwaka, ikabidi asubiri mwaka mzima na kulipa ada ya kurudia, ambayo pamoja na usajili ilikula miezi miwili zaidi. Gharama ikapanda hadi ishirini, na miaka miwili ya uafisa ikawa mmoja. Alikokotoa upya bila kulalamika: nyongeza ya mshahara miezi sita, kiinua mgongo kumi, jumla kumi na sita. Minne iliyopungua ingerudishwa na pensheni kwa miezi kumi na sita. Bado ililipa.

Sharti lilikuwa moja. Ili pensheni na kiinua mgongo vihesabiwe kwa cheo kipya, mtumishi lazima awe amekishika miezi kumi na miwili kamili kabla ya kustaafu, na cheo huanza siku inayofuata ile ambayo masijala imepokea hati iliyothibitishwa na kutumwa na chuo chenyewe. Hati yake ilipaswa kupokelewa, kwa kuchelewa kabisa, tarehe thelathini Novemba mwaka jana.

Chuo kilichelewa. Siku hiyo ya mwisho watu walikuwa na visingizio vya kupita masijala tangu asubuhi. Msimamizi wa mafundi bomba alikuja mara tatu kuulizia jalada moja. Saa nane ilipita. Saa tisa kamili Mama Masijala aliweka rula, akapiga mstari. Saa tisa na dakika kumi mpeleka vifurushi aliingia na pikipiki yake mpaka barazani, kofia ngumu kichwani, mkononi bahasha yenye nembo ya chuo.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Msaidizi wake, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyefundishwa naye kila kitu, alikuwa ameushika muhuri tayari. Mama Masijala aliuchukua polepole, akaizungusha tarehe mpaka tarehe moja Desemba, akaugonga.

Msaidizi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Msimamizi wa mafundi alisema, “Mama, dakika kumi! Hata Mungu angegeuza uso!” Mhasibu, yuleyule aliyempinga, alimsihi kwa sauti ya kutetemeka, “Dada yangu, piga mwingine juu yake. Mimi sijaona kitu. Nani hapa ameona kitu?” Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Mkuu wa utawala alikuwa amesimama mlangoni.

Akaeleza mara moja tu. Miaka kumi na tisa iliyopita, dereva wa gari la maji alileta cheti chake cha daraja saa tisa na robo, siku ya mwisho kama hii. Alikuwa amechelewa kwa sababu alipeleka maji hospitali. Mama Masijala alimrudishia cheti hadi kesho yake, na dereva akastaafu na pensheni ndogo. “Mpaka leo hupita dirishani kunisalimia,” alisema. “Nikipiga muhuri wa leo, akija kesho nimwambie nini? Kwamba mstari ulikuwa wake peke yake?” Kisha akamwomba msaidizi amletee maji ya kunywa, akayanywa yote akiwa amesimama.

Baadhi yetu tuliwaandikia wasimamizi wa pensheni kuomba siku hiyo isamehewe. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, sentensi mbili, nalo lilikuwa hapana. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipokea, akalipa namba na kuliweka kwenye jalada lake.

Hesabu ya mwisho ameibandika kwenye ubao wa matangazo, kwa mwandiko wake. Gharama: miezi ishirini. Iliyorudi: sita. Hasara: kumi na minne. Chini yake ameandika mashauri kwa anayetaka kusoma akiwa mtu mzima. Anza na muundo wa cheo chako, unaotaja sifa zinazodaiwa, kabla ya tangazo la chuo. Hesabu na miaka iliyobaki. Weka akiba ya somo moja la kuanguka, hata kama unajiona hodari. Uliza chuo kinachukua siku ngapi kutuma hati, kisha uzidishe mara tatu.

Karatasi hiyo imefanya kazi pande mbili. Msaidizi wake alikaa nayo siku nzima, akaona kwamba angemaliza akiwa na miaka thelathini na mitano na kubakiwa na ishirini na mitano ya uafisa. Amejiandikisha. Msimamizi wa mafundi bomba, mwenye miaka arobaini na tisa, alikuwa mbioni kukopa ili asome shahada. Mama Masijala alimwonyesha kwamba daraja lake linadai cheti cha usimamizi tu, cha gharama ya mwezi mmoja na nusu, na kwamba shahada isiyotajwa kwenye muundo wa cheo ni pambo la sebuleni. Ameacha kukopa. Anasema ameokolewa, ingawa kwa sura bado ana majonzi ya joho.

Kamati ya maagano ilipomuuliza angependa zawadi gani, ikitarajia kusikia jokofu au godoro, alijibu kwa barua yenye namba kwamba anaomba fedha taslimu, kwa kuwa bado ana pengo. Kamati ilishtuka, kwani jambo hilo halijapata kutokea, kisha ikachanga. Imepatikana mwezi mmoja na nusu. Duka la dawa la jirani na kwake nalo limempa kazi ya kupanga majalada yao, na malipo ya kwanza ni nusu mwezi. Jana jioni alikata kumi na minne kwenye ubao, akaandika kumi na miwili.

Kwa mwanawe hahamii. Amerudisha ufunguo wa chumba cha pili kwa mwenye nyumba, na cherehani sasa iko chini ya dirisha, karibu na kitanda. Anasema chumba kimoja hufagiliwa haraka. Alipopewa wasifu huu ausome kabla haujachapwa, alisahihisha tarehe mbili na kuomba neno “hasara” lisipambwe. Halikupambwa.

Limebaki la mkuu wa utawala, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amehubiri utaratibu katika kila kikao. Siku ile mlangoni, kama muhuri ungekuwa mkononi mwake, angeupiga wa tarehe thelathini. Alijua hivyo palepale, na mshtuko huo ni wake peke yake. Kwa sababu hiyo shukrani hizi hazitolewi kwa desturi tu.

Mama Masijala, ahsante kwa miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku tisa. Uende kwa amani, mwili wako uwe na nguvu, wajukuu wakujaze chumba, na umri wako umpite bibi yako.